Askari akikukosea Tanga uende wapi: mwongozo kamili wa kulalamika, na wa sisi raia kuwasimamia polisi

Hapa Tanga mtu akipigwa na askari, au akalala selo siku tatu hajaambiwa kosa, au pikipiki yake ikakaa kituoni mpaka matairi yakaisha upepo, jirani wa kwanza anamwambia mwachie Mungu, na wa pili anamwambia tafuta mtu unayemjua pale kituoni. Naelewa kwa nini watu wanasema hivo, wengi wameshajaribu wakazungushwa mpaka wakachoka. Ila njia zipo, na shida kubwa ninayoiona mimi ni kwamba malalamiko yetu yanaishia mdomoni. Kibarazani tunayasimulia vizuri kabisa, na majina, na saa, na nani alisimama wapi, afu ukiuliza karatasi hakuna hata moja. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kuyatoa kibarazani na kuyafikisha kwa mtu ambaye hayuko chini ya huyo askari wala mkubwa wake.

Kwanza ujue polisi wa Tanga ni wa nani

Jiji letu lina meya, madiwani na mkurugenzi, lakini halina polisi wake. Askari wote ni wa Jeshi la Polisi Tanzania, juu kabisa yuko IGP, mkuu wa jeshi zima, ambaye anateuliwa na Rais, wizara yake ni Mambo ya Ndani. Mkoani kuna RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, wilayani mkuu wake ni OCD, kituoni OCS, na upande wa upelelezi kuna RCO wa mkoa na OC-CID wa wilaya. Ndo maana ukimwendea diwani wa Makorora au wa Duga ukamwambia amfukuze askari fulani hawezi, hana hayo mamlaka, anachoweza ni kukuandikia barua, kwenda na wewe, na kulisema jambo kwenye vikao. Sio kidogo, ila usimdai asichonacho.

Wenzetu wengine mambo yao yako tofauti. Marekani polisi wa mji ni wa mji, kwa hiyo mji wenyewe unaunda chombo cha raia cha kuwachunguza. New York wana bodi ya malalamiko ambayo tangu 1993 wajumbe wake ni raia watupu, Chicago waliunda ofisi mpya ya kiraia mwaka 2017 baada ya ile ya zamani kupoteza imani ya watu. Lakini mfano unaotufaa zaidi sisi uko jirani. Kenya polisi wao ni wa taifa kama wetu, na bado sheria ya mwaka 2011 iliwaundia mamlaka huru inayoitwa IPOA, ina wapelelezi wake na bajeti yake, na Mombasa wana ofisi. Yaani ndugu zetu tunaopishana nao pale Horohoro wana mlango wa kugonga ambao hauna sare ya polisi. Afrika Kusini nao wana chombo chao cha namna hiyo, IPID, tangu 2012.

Kwetu chombo cha polisi peke yake hakipo. Kazi hiyo imegawanywa kwa taasisi kadhaa na raia ndo anatakiwa ajue ipi inashika nini. Ukilipeleka lalamiko kwa OCS wa kituo kilekile na ukaishia hapo, umepeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

Na sio maneno yangu tu ya kulalama. Mwaka 2012, Septemba 2, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa amezungukwa na askari, na kilichobana ni picha iliyopigwa na mwandishi mwenzake pale pale, pamoja na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kuchunguza yenyewe na kusema wazi kwamba polisi walivunja haki za binadamu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Afu mwanzoni mwa 2022 yakaja mauaji ya Mtwara na ya huku kwetu Kilindi, askari wakituhumiwa, na Rais mwenyewe akakataa polisi wajichunguze, Waziri Mkuu akaunda timu ya nje. Kama ngazi ile imekiri kwamba jeshi haliwezi kujichunguza, basi mama wa Mwang'ombe mwenye mtoto aliyevunjwa mkono naye ana haki ya kudai hivo hivo.

Jua walichovunja

Lalamiko linalosema "wamenionea" linawekwa pembeni. Lalamiko linalosema walivunja kitu fulani linasumbua. Vitu vya msingi ni hivi. Ukikamatwa lazima uambiwe kosa. Mahojiano kituoni yana muda, saa 4, na yanaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi 8. Kwa makosa ya kawaida ndani ya saa 24 ama uwe umefikishwa mahakamani ama upewe dhamana, na dhamana ya polisi ni bure, hakuna hela ya dhamana inayoachwa mezani kwa mtu. Una haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke. Mali yako ikichukuliwa, iwe simu iwe pikipiki iwe gunia la mkaa, inaandikiwa hati na unapewa nakala, na wewe na shahidi mnasaini. Kuteswa kumekatazwa na Katiba, Ibara ya 13(6)(e), bila kujali wewe ni mtuhumiwa wa nini. RB (namba ya taarifa yako kituoni) na PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) hazilipiwi, na mlalamikaji hatakiwi kumwekea mpelelezi hela ya mafuta ya difenda wala kumnunulia rimu ya karatasi, jambo ambalo watu wamelizoea mpaka wanaona ni sheria.

Hatua ya kwanza: masaa ya mwanzo

Hapa ndo kesi nyingi zinapofia kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jina la askari. Askari wa vyeo vya chini, konstebo, koplo, sajenti, wana namba ya jeshi yenye herufi mbele, ukiweza kuiona ishike. Huwezi kuiona? Angalia cheo, V mbili mkononi ni koplo, tatu ni sajenti, nyota begani huyo ni mkubwa zaidi. Wenzake walimwitaje? Gari lao lina namba zinazoanza na PT, hiyo namba ina thamani kuliko hata jina kwa sababu kituoni lazima kuna rekodi ya nani alitoka na gari hilo zamu hiyo. Kama walikuwa kiraia na gari la kiraia, andika rangi, aina, namba, na walisema wanatoka kituo gani.

Saa na mahali. Usiandike usiku, andika saa 2 na nusu usiku, barabara ya 12 Ngamiani, mbele ya duka la fulani. Mashahidi wawili wanatosha, watano ni bora, chukua namba zao za simu siku ileile, maana baada ya wiki watu wanaingiwa na hofu au wamesafiri kwenda Dar. Waombe kila mmoja aandike au ajirekodi kwa sauti alichokiona mwenyewe, sio alichosikia, kabla hamjakaa pamoja mkaanza kukumbushana, kwa sababu hadithi zikifanana neno kwa neno zinaonekana za kupangwa.

Mwili. Kama umeumizwa nenda hospitali siku hiyohiyo, Bombo au kituo cha afya kilicho karibu. Hapa kuna kikwazo ambacho kila mtu anakijua, PF3 inatolewa na polisi, sasa unamwendea aliyekupiga akupe fomu ya kuthibitisha kwamba kakupiga? Huna haja ya kwenda kituo kilekile. Nenda kingine, ulipigwa na wa kituo kidogo cha kata basi panda Chumbageni, nenda na mtu mzima mwenzako, eleza kwa ufupi, omba RB na PF3. Wakikunyima andika nani kakunyima na saa ngapi, hilo nalo ni lalamiko la pili, na nenda hospitali hivo hivo maana matibabu hayasubiri mabishano. Mwambie daktari wazi nimepigwa na askari, kwa kitu gani, sehemu gani, aandike kwenye faili. Wengi wanaona aibu au wanaogopa wanasema nimeanguka na pikipiki, na hilo neno litakaa kwenye faili mpaka mahakamani.

Piga picha za majeraha siku ya kwanza na tena siku ya tatu, michubuko ya ngozi yetu nyeusi mara nyingi inaonekana vizuri baadaye. Nguo zenye damu usifue, weka kwenye mfuko wa karatasi.

Video. Ukirekodi tukio kaa mbali, usiingie katikati ya kazi yao, usibishane. Ukishapata video itume haraka kwa watu wawili unaowaamini na wasiikate wala kuiongezea maneno. Chicago mwaka 2014 askari aliua kijana kwa risasi, Laquan McDonald, na ripoti za askari zikasema kijana ndo aliwafuata kwa kisu, video ya gari la polisi lenyewe ilipokuja kutolewa mwaka uliofuata ikaonyesha alikuwa anatembea kuwakwepa. Askari aliyefyatua akatiwa hatiani 2018. Bila ile video karatasi za askari ndo zingekuwa ukweli.

Lakini jamani, usikimbilie kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp na jina la askari na matusi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na ukikosea jina au ukazidisha chumvi, wewe mlalamikaji ndo utageuka mshtakiwa na lalamiko lako limekufa. Barua kwanza. Kelele zije baadaye na ziwe na nakala ya barua iliyogongwa muhuri.

Hatua ya pili: barua

Ukurasa mmoja, ikizidi sana mmoja na nusu. Usitukane, usieleze historia ya jeshi, usiweke mambo matano ya miaka mitatu. Tukio moja, barua moja. Inakaa hivi:

Jina lako, mtaa, kata, simu, tarehe.

Kamanda wa Polisi, Mkoa wa Tanga.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA ASKARI WA KITUO CHA (jina) KWA KUNIPIGA NA KUNINYIMA DHAMANA, TAREHE (siku, mwezi, mwaka)

"Tarehe hiyo saa 2:30 usiku nikiwa barabara ya 12 Ngamiani na abiria wangu, nilisimamishwa na askari watatu waliokuwa kwenye gari namba PT (namba). Sikuambiwa kosa. Mmoja wao mwenye V mbili, aliyeitwa na wenzake (jina), alinipiga kwa kirungu mkono wa kushoto mara kadhaa nikiwa nimeshakaa chini. Walioona ni (majina mawili, simu). Niliwekwa mahabusu mpaka kesho yake saa 11 jioni. Niliambiwa nitoe shilingi (kiasi) ndo nitoke. Pikipiki namba (namba) ilichukuliwa bila hati. Nilitibiwa Bombo, nakala ya PF3 naambatanisha. Naomba: askari hao watambuliwe na kuchunguzwa na ofisa asiye wa kituo hicho, nirudishiwe pikipiki, na nijibiwe kwa maandishi."

Halafu mwisho andika Nakala kwa, na uorodheshe taasisi nyingine unazopelekea. Hilo neno nakala lina nguvu kuliko aya zote za juu. Anayepokea akiona barua imeenda pia kwa watu wasio chini yake, hawezi kuiweka kwenye droo akasema haikufika.

Toa nakala za kutosha. Kila unapopeleka nenda masjala, kabidhi moja, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Usikubali "acha tu hapo mezani". Ofisi ya mbali tuma kwa EMS ya Posta utunze risiti. Kama hujui kuandika, wasaidizi wa kisheria wapo mpaka ngazi za kata, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure. Kina mama wanaweza pia kwenda TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi hapa Tanga.

Hatua ya tatu: nani apate nini

RPC na OCD wapate kila barua. Ndiyo ni polisi, ila ndo wenye mamlaka ya nidhamu, na askari wa Tanzania huwa wanafukuzwa kazi kweli baada ya kupelekwa kwenye mahakama ya kijeshi, tumeyasikia mara nyingi kwenye taarifa za makamanda. Usiwaruke, ukiwaruka watasema hawakupewa nafasi.

Hela ikiguswa, nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Kuombwa hela ya dhamana, hela ya kufuta kesi, hela ya faili lisipotee, au kuombwa mwili, hiyo ni rushwa na sheria ya 2007 inataja hadi rushwa ya ngono. Namba ni 113, hailipiwi. Na hapa wahi kabla hujatoa hela. Ukishatoa inabaki neno lako na lake, lakini ukiwahi wanaweza kuweka mtego na ikakamatwa mkononi. Tunza meseji zote na miamala ya simu, usifute hata moja.

Haki ikivunjwa, nenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hii ndo taasisi iliyo karibu zaidi na msimamizi huru kwa hapa kwetu, imo ndani ya Katiba, iliundwa kwa sheria namba 7 ya 2001, na inaweza kumwita ofisa yeyote, kudai mafaili, na kuingia mahabusu kukagua. Kulalamika ni bure, unaweza kwa barua au kwa mdomo, na ndugu anaweza kulalamika kwa niaba ya aliyefungwa au aliyekufa. Udhaifu wake ni kwamba inapendekeza, haihukumu. Ila mapendekezo yake sio mapambo, kwenye shauri la wanakijiji wa Nyamuma, Serengeti, Mahakama ya Rufani mwaka 2008 ilifungua njia ya kuyapeleka mahakamani yatekelezwe. Jambo moja la kukumbuka, Tume haigusi shauri ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo peleka huko kwanza kabla hujafungua kesi juu ya tukio hilohilo.

Umebambikiwa kesi na unapelekwa mahakamani? Siku ya kwanza kabisa ukisimama mbele ya hakimu sema nimepigwa, onyesha, omba iandikwe kwenye mwenendo wa kesi na uombe upelekwe hospitali. Watu wanasubiri mpaka siku ya kujitetea, miezi imepita, kovu limepona, na hakimu anajiuliza kwa nini hukusema. Peleka nakala pia Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa, wao ndo wanaamua kesi iendelee au ifutwe na hawako chini ya RPC.

Fidia ni kesi ya madai dhidi ya serikali na hapo tafuta wakili. Lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, kesi inaenda Mahakama Kuu, na madai ya kuumizwa yana ukomo wa miaka 3. Usiseme nitafungua tu, miaka mitatu inaisha.

Mtu akifia mikononi mwa polisi

Hili naliandika peke yake kwa sababu kwetu Pwani maiti haikai. Mtu kafa alfajiri, adhuhuri yuko kaburini, na ndo sunna yetu. Lakini marehemu aliyetokea selo akizikwa bila uchunguzi wa daktari, ukweli mwingi unazikwa naye, na kumfukua baadaye kunahitaji amri ya mahakama na kunaumiza familia upya.

Ndugu wakae na sheikh wao mapema, kwa utulivu. Kuchelewesha kwa masaa ili daktari achunguze chanzo cha kifo, kwa sababu ya kutafuta haki ya marehemu, ni jambo ambalo masheikh wengi watawaelewa mkiwaeleza vizuri. Ombeni daktari wa hospitali ya mkoa, ombeni mwanafamilia au daktari mnayemwamini awepo, pigeni picha za mwili kabla ya kuoshwa, na anayeosha aelezwe aangalie alama na akumbuke. Msisaini karatasi yoyote ya kupokea mwili ambayo tayari imeandikwa chanzo cha kifo kabla ya uchunguzi. Halafu andikeni kwa hakimu kuomba uchunguzi wa kifo, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inataka kifo cha mahabusu kichunguzwe na hakimu akikaa kama korona, yaani mchunguzi wa vifo, mashahidi wanaitwa na familia inaweza kuuliza. Nakala kwa Tume siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: kufuatilia bila kuchoka

Fungua daftari. Kila simu, kila safari ya kituoni, kila jibu, andika tarehe na jina la uliyeongea naye. Baada ya wiki mbili andika barua fupi ya kukumbushia ukirejea ile ya kwanza. Mwezi ukipita bila jibu andika tena, safari hii kwa ngazi ya juu, yaani IGP, nakala kwa mbunge na kwa Tume. Jibu la "suala linafanyiwa kazi" sio jibu, uliza limepewa ofisa gani na litaisha lini.

Hapo katikati utaitwa suluhu, nakuhakikishia. Atakuja mzee wa heshima, au mjumbe, au shemeji wa huyo askari, mjukuu wangu haya mambo tuyamalize kindugu, kijana ana watoto, utamkosesha kazi. Wengine wanakuja na hela ya matibabu. Mimi sisemi kusamehe ni vibaya, ni haki yako na dini zetu zinalipenda. Ila msamaha wako ni wako, kosa la askari wa umma sio lako peke yako, kesho atampiga mwingine. Ukiamua kusamehe usisaini karatasi inayosema tukio halikutokea, hiyo inakuweka pabaya kisheria na inamfuta mtu atakayepigwa baada yako.

Ukiitwa kituoni kuhusu lalamiko usiende peke yako, na mwambie mtu wa nyumbani umeenda saa ngapi. Ukitishwa, kitisho hicho ni tukio jipya, barua mpya, Tume na RPC siku hiyohiyo.

Hatua ya tano: mtaa mzima uangalie

Mpaka hapa tumezungumzia mtu mmoja. Sasa mtu mmoja akilalamika ataambiwa yeye ndo mkorofi. Watu kumi na wawili wakilalamika kuhusu kizuizi kilekile siku zilezile za wikiendi, tatizo linabadilika jina.

Anzeni kwenye mkutano wa mtaa. Ombeni mwenyekiti aweke ajenda ya usalama na huduma ya polisi, na mkaguzi wa polisi wa kata aalikwe tangu mwanzo, msifanye kwa kificho. Chagueni watu watano au sita wanaoaminika: mama wa sokoni Mgandini au Makorora, mwakilishi wa kijiwe cha bodaboda, mtu wa Deep Sea kwa wavuvi, msaidizi wa kisheria, mwalimu mstaafu, kijana anayejua kompyuta. Watu wa vyama vya siasa wenye nafasi za uongozi mimi ningewaacha nje, hata wale wazuri, maana siku ya kwanza kundi litaitwa la chama fulani na kazi imeisha. Wenye kesi na polisi kwa wakati huo nao wasubiri. Mkitaka kudumu jiandikisheni halmashauri kama kikundi cha jamii.

Kazi ya kundi hili sio kukamata askari wala kuchunguza kesi, wala kugeuka ulinzi shirikishi. Kazi yake ni rejista. Tarehe, saa, mtaa, kituo, aina ya tatizo, lalamiko limepelekwa wapi, limejibiwa lini, limeishaje. Jina la mlalamikaji lisiwe humo, mpe namba, na majina yakae daftari jingine kwa mtu mwingine nyumba nyingine. Rejista ikipotea mtaumia, majina yakivuja wataumia wengine.

Kila miezi mitatu kaeni mtazame. Mtashangaa. Malalamiko mengi hayahusu vipigo, yanahusu dhamana, vyombo vya moto vinavyokaa kituoni, na mpelelezi asiyepatikana. Hayo OCD anaweza kuyarekebisha bila kumpigia mtu simu Dodoma. Mwombeni kikao, mkamweleze kwa takwimu zenu bila kutaja askari kwa jina, na muanze na kilichokwenda vizuri kama kipo, kwa mfano Dawati la Jinsia na Watoto lililomsaidia binti wa mtaani kwenu. Askari wengi wa chini wanafanya kazi ngumu kwa vitendea kazi haba na wapo wanaochukia hao wenzao kuliko tunavyowachukia sisi.

Kwenye kikao hicho ombeni namba tano: waliowekwa mahabusu robo hiyo, waliokaa zaidi ya saa 24, malalamiko yaliyopokelewa dhidi ya askari, yaliyofungwa, na hatua za nidhamu zilizochukuliwa. Wakikataa kwa mdomo ombeni kwa maandishi mkitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ina siku 30 za kujibu. Msiombe mafaili ya upelelezi unaoendelea, hayo sheria inayalinda na mtakuwa mmewapa sababu ya kukataa yote. Nakala ya taarifa yenu ya robo ipelekeni kwa mkuu wa wilaya, ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama, kwa diwani, na kwa Tume.

Na la juu zaidi

Rejista ya mtaa haitoshi, na mimi nasema wazi tunahitaji chombo chetu huru cha polisi kwa sheria ya Bunge. Tume ya Jaji mstaafu Chande Othman iliyoteuliwa mwaka 2023 kuangalia haki jinai imeshaonyesha kwamba nchi inakubali kuna pa kurekebisha. Mbunge akija kwenye mkutano msimwulize kama anapenda haki, atasema anapenda. Mwulizeni mambo yanayopimika: chombo kiwe na wapelelezi wake wasio polisi wa kazini, bajeti yake ipitishwe na Bunge na sio na wizara inayosimamia polisi, kiweze kumwita askari na kudai daftari la mahabusu, wakuu wake wasiondolewe kirahisi, kitangaze ripoti kila mwaka, na kiwe na ofisi mikoani ili mtu wa Pangani au Mkinga asipande basi mpaka Dodoma kulalamikia kofi.

Akisema bajeti haipo, mwombeni aanze na kifungu kimoja tu ambacho Afrika Kusini wanacho tayari. Kila kifo kinachotokea mikononi mwa polisi kinatolewa taarifa kwa msimamizi huru papo hapo, na kwa maandishi ndani ya saa 24. Hapa kwetu msimamizi huyo anaweza kuwa Tume iliyopo, na hakuna jengo wala gari jipya la kununua.